Imondo ya Baba Imepotelea Bakulini

Haya yote yaliletwa na presha. Kulikuwa na kupimwa bure pale kanisani, nikajipeleka kwa miguu yangu mwenyewe, mashine ikasema 150 kwa 95, na muuguzi akanitazama kitambi kabla ya kunitazama uso. "Mzee, punguza chumvi, punguza mafuta." Kosa langu ni kwamba nilifika nyumbani nikayasema.

Binti yangu, kifungua mimba, yuko likizo kutoka chuoni. Akachukua simu, akapekuapekua. "Baba, tulia. Jumamosi nakupikia bakuli la kuku la Kigiriki."

Sasa, mimi ni mtu wa Kakamega. Ukitaja kuku mbele yangu, neno linalofuata huwa silisikii. Ndiyo maana hilo la Kigiriki lilinipita hadi nilipokabidhiwa orodha ya vitu.

Nikaenda soko la Burma, pale Jogoo Road, nikamwambia muuza kuku nataka kifua tu, bila ngozi, bila mfupa. Akaweka kisu chini. "Na miguu na mabawa nimuuzie nani?" Sikuwa na jibu. Nikabeba kuku mzima, na kusema kweli moyoni nilifurahi, kwa sababu kuku mzima huja na firigisi. Kwetu tunaiita imondo, na imondo ni ya mwenye nyumba. Mgeni wa heshima akija unaweza kumwachia, lakini uamuzi ni wako. Nimelipa kodi hapa mtaa wa Umoja miaka kumi na minane, nimelipa karo, nimenunua gesi, na ukiniuliza ni kitu gani kinachonitambulisha kama baba katika nyumba hii, ni hicho kipande cha nyama ngumu. Remoti walishachukua zamani.

Supamaketi ndiko nilikoumia. Feta, kipande kinachotoshana na sabuni ya kuogea, bei yake pakiti tatu za unga! Nikapiga simu nyumbani nikiuliza kama ni lazima. Binti akanipa somo: tangu 2002, huko Umoja wa Ulaya jina feta ni mali ya Ugiriki peke yake, na lazima iwe ya maziwa ya kondoo, ya mbuzi yakichanganywa yasizidi asilimia 30. Nikasimama pale nikiwaza. Yaani jibini ina hatimiliki. Mimi ploti yangu ya Joska nimemaliza kulipa, nimeonyeshwa vigingi, na hati mpaka leo "iko njiani, mzee, wiki ijayo." Halafu nikageuza pakiti, nikasoma nyuma: maziwa ya ng'ombe. Nikairusha kwenye kikapu. Hiyo angalau ni ya kwetu.

Mafuta ya zeituni sitayazungumzia. Presha itapanda.

Zeituni zenyewe nilizionja nikiwa bado kwenye matatu. Zeituni nimezisoma katika Biblia tangu Sunday school, Mlima wa Mizeituni naujua kuliko Mlima Kenya, na miaka yote hiyo nilidhani ni tunda tamu. Jamani, ni chumvi! Binti anasema zikitoka mtini ni chungu haziliki, ndiyo maana zinalowekwa kwenye maji ya chumvi. Na mimi niliambiwa nipunguze nini?

Yogati nayo ikaleta kesi. Alitaka ile nzito isiyo na sukari. Duka la mtaa lina stroberi na vanila, basi nikaleta stroberi. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini. Ikabidi itafutwe nyingine, na kwa kuwa ile ya Kigiriki ni bei ya juu, wakanunua ya kawaida wakaimimina kwenye kitambaa, wakaining'iniza kwenye mfereji ichuje usiku kucha. Saa nane za usiku naenda kunywa maji, gizani nakutana na kitu cheupe kimening'inia kinadondosha tone, tone. Nilimwita Yesu kwa sauti ambayo jirani wa juu aliisikia.

Jumamosi ikafika. Tango likakunwa, likatiwa chumvi, likakamuliwa maji yote ndipo likachanganywa na yogati na kitunguu saumu. Tango nimelinunua kwa mama mboga likiwa na maji yake, nimeyalipia, yanamwagwa kwenye sinki. Ati yakibaki, mchuzi unakuwa uji. Kuku akalala kwenye limau na oregano, majani yanayonukia kama dawa ya kikohozi. Nyanya na vitunguu vikakatwa. Nikasema, "Hiyo kachumbari naijua." Nikaambiwa si kachumbari, haina dania. Wali wa brauni ukakaa motoni karibu saa nzima, kwenye mtungi wangu wa kilo sita. Ugali ungeiva mara nne.

Na mabakuli hatuna. Tunalo moja, la kunawia mikono. Matatu yakaazimwa kwa jirani, kwa hiyo sasa ploti nzima inajua baba fulani yuko dayati.

Tukaketi. Nikasubiri. Kuku alikuwa amekatwa vipande vidogovidogo kama sabuni ya kipimo, juu ya wali, amefunikwa na ile yogati. Huwezi kujua nani amepata nini. Nikauliza kwa heshima, "Mama, na imondo iko wapi?"

"Imo humo, Baba. Nilikatakata vyote pamoja, tukagawana sawa."

Sawa! Nikafukua bakuli langu kama mtu aliyeangusha shilingi mchangani. Kifua. Kifua. Zeituni. Kifua. Sitadanganya, ladha haikuwa mbaya, lile limau lilikuwa limeingia vizuri. Lakini nilikuwa nikitafuta cheo changu.

Ndipo kitinda mimba, darasa la pili, akakunja uso. "Mum, hii yangu ni ngumu." Akaitema ukingoni mwa bakuli, akaendelea na feta.

Nikaiangalia. Ilikuwa yenyewe.

Mama watoto akainuka kuleta chumvi. Binti akainama kwenye simu. Nikanyoosha mkono polepole, kama mtu anayefukuza nzi.