Kuazima wazo nako kunafundishwa

Kila mwanzo wa muhula huwa nawauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho swali moja: ni lini mara ya mwisho ulichukua kazi ya mtu mwingine, ukaitumia, na mwalimu akakupongeza? Huwa kimya. Muhula mmoja kijana aliyekaa viti vya nyuma akajibu, "Mwalimu, si ndiyo hiyo tunayoitiwa kamati ya nidhamu?" Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, ila swali lake nilirudi nalo nyumbani.

Kijana hakukosea. Tangu darasa la kwanza amezoezwa kukinga karatasi yake kwa mkono ili jirani asichungulie. Akifika chuo kikuu tunampa kozi ya ubunifu wazi, yaani kubuni kwa kushirikiana na watu wa nje: mihadhara, slaidi, na mwishoni mtihani wa saa tatu, kila mtu na dawati lake, simu zibaki nje. Tunamtahini peke yake kuhusu namna ya kutofanya kazi peke yake. Halafu waajiri wakilalamika kwamba wahitimu wetu hawajui kushirikiana na watu wa nje, tunaunda kamati ya kupitia mtaala.

Jina la ubunifu wazi lilienea kupitia Henry Chesbrough, aliyechapisha kitabu chake mwaka 2003. Hoja yenyewe si ngumu: kampuni isitegemee maabara yake tu, ichukue mawazo ya nje, na yale ya ndani isiyoyatumia iyaachie yatoke, kwa kuyauza, kwa kuyakodisha au kwa kuyaanzishia kampuni mpya. (Wapo wanaouita ubunifu huria. Mimi nasita, maana neno huria humfanya mwanafunzi adhani kila kitu ni bure, kumbe humu watu hulipana, na wakati mwingine hushtakiana.) Bill Joy, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems, anakumbukwa kwa kusema kwamba hata uwe nani, wengi wa wenye akili kali wanafanya kazi kwingine. Waswahili walishalimaliza zamani: akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mfano unaopendwa darasani ni wa Xerox, kampuni ya mashine za kunakili. Maabara yake ya PARC, iliyofunguliwa mwaka 1970 huko California, ilizaa mambo ambayo leo tunayaona ya kawaida, ukiwemo mtandao wa Ethernet unaounganisha kompyuta kwa nyaya. Mwaka 1979 Bob Metcalfe aliondoka akaanzisha kampuni ya 3Com juu ya Ethernet hiyo hiyo. Mwaka 1982 John Warnock na Charles Geschke nao wakatoka, wakaanzisha Adobe, kampuni ya programu za kompyuta. Wanafunzi wanakipenda kisa hiki kwa sababu wanadhani ndani yake kuna mjinga. Mimi huwaambia hakuna. Xerox ilikuwa inayapima mawazo kwa mizani ya biashara ya mashine za kunakili, na kwa mizani hiyo mengi yalionekana mepesi. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Swali la kumpa mwanafunzi ni hili: ungekuwa wewe ndiye mwenye muwa, ungejuaje kwamba kuna chungu, yaani sisimizi, anayelingoja ganda?

Kisa ninachokithamini zaidi hakina kelele. Mwaka 2004 Procter & Gamble walitoa Pringles, vile vipande vyembamba vya viazi, zenye picha na maneno yaliyochapwa juu ya kila kipande. Hawakuvumbua uchapaji huo wenyewe. Waliandika maelezo mafupi ya tatizo wakayasambaza kwenye mtandao wao wa mawasiliano barani Ulaya, na huko Bologna, Italia, akapatikana profesa wa chuo kikuu mwenye kiwanda kidogo cha kuoka, ambaye tayari alikuwa na njia ya kuchapa picha zinazolika kwenye keki na biskuti. Watu husimulia habari ya profesa. Mimi nasimulia habari ya maelezo yale mafupi. Bila karatasi ile, profesa angeendelea kuoka zake, na kampuni ingeendelea kuhangaika na wino.

Karatasi hiyo ndiyo tusiyoifundisha. Kuliandika tatizo ili mtu asiyekujua, asiye wa fani yako, alielewe na aone kwamba jibu analo, ni ufundi kama ulivyo kuchomelea au kushona. Una makosa yake yanayojulikana, na mtu huupata kwa kuandika, kukataliwa na kuandika tena.

Nitoe mfano ulionipata. Kampuni moja ilituletea tatizo la wanafunzi kulitatua. Barua yao ilisema: tunahitaji programu ya simu ya kufuatilia vipuri ghalani. Vijana walifurahi, wakaanza kuchora kurasa za programu siku hiyo hiyo. Wiki ya tatu niliwalazimisha waende ghalani bila kompyuta. Binti mmoja alikaa na mtunza ghala asubuhi nzima, akarudi na kipuri kimoja mkononi, kimelowa mafuta, na lebo yake imebaki kipande cha ukubwa wa ukucha. Programu walikuwa nayo tayari. Kilichokosekana ni lebo inayong'ang'ania chuma chenye mafuta.

Wakaandika upya. Toleo la kwanza lilikuwa ukurasa mzima wa historia ya kampuni. La pili lilijaa majina ya vipuri ambayo hayajui mtu asiye fundi wa mashine hizo. La nne lilikuwa na sentensi moja: tunatafuta njia ya kuweka alama kwenye chuma chenye mafuta, isomeke baada ya miezi sita, bila kukwangua chuma na bila umeme. Hakuna ghala wala kipuri humo. Sasa mtu wa rangi za meli anaweza kuisoma akasema, hii naijua. Hata anayeweka alama vifaa vya hospitali anaweza. Mimi ningewapa alama zote za muhula kwa sentensi hiyo, lakini kanuni zilitaka "mfano kifani unaofanya kazi", yaani kifaa cha majaribio, basi wakaenda kutengeneza mfano kifani.

Nguvu ya sentensi ya namna hiyo imekwisha kuonekana. InnoCentive, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2001 kwa msaada wa kampuni ya dawa ya Eli Lilly, lilikuwa likitangaza matatizo ya kampuni na taasisi kwa yeyote. Taasisi moja ya Alaska inayoshughulika na umwagikaji wa mafuta baharini ilikuwa na shida: mafuta yakichanganyika na maji kwenye baridi kali hugeuka uji mzito usiosukumika kwa pampu. Jibu alilileta mkemia asiyekuwa wa fani ya mafuta. Aliwahi kuona zege mbichi ikitikiswa kwa mashine isigande, akauliza kwa nini uji ule nao usitikiswe. Alilipwa dola 20,000. Tatizo lingeandikwa kwa lugha ya wachimba mafuta, wangelisoma wachimba mafuta peke yao, na hao ndio walioshindwa.

Lipo la pili tusilolifundisha, nalo ni la umiliki. Hapa vyuo vinawaacha vijana uchi. Nimemwona mwanafunzi akitia saini karatasi ya kampuni akiwa amesimama, begi mgongoni, bila kusoma. Kifungu cha tatu kilisema matokeo yote, ya sasa na ya baadaye, ni mali ya kampuni. Tasnifu yake ilikuwemo humo. Hakuna aliyewahi kumweleza tofauti ya hataza, ambayo hulinda uvumbuzi, na hakimiliki, ambayo hulinda maandishi na kazi za sanaa, wala kwamba anaweza kuomba kifungu kibadilishwe. Marekani sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 iliruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliogharimiwa na serikali kuu. Hataza ya PageRank, njia ya kupanga kurasa za mtandao iliyo msingi wa Google, ilikuwa mali ya Chuo Kikuu cha Stanford, nacho kilipouza mwaka 2005 hisa za Google kilizopewa kwa kuiruhusu itumie hataza hiyo, kilipata dola milioni 336. Huo ni mfano wa mbali mno, najua, na wengi wetu hatutauona. Lakini mkataba wa kurasa mbili tutauona wote. Uingereza ina seti ya mikataba ya mfano, iitwayo Lambert, iliyoandaliwa kwa ajili ya vyuo na kampuni. Mhadhiri anaweza kuichukua akaifanya zoezi la wiki moja: huyu chuo, huyu kampuni, kaeni mkubaliane. Wiki hiyo ina faida kuliko mihadhara mitatu ya nadharia.

Nina ugomvi pia na wale wanaotaka kufungua shahada nzima ya ubunifu. Mwaka 1990 Wesley Cohen na Daniel Levinthal walieleza kwamba kampuni hutambua na kutumia maarifa ya nje kwa kadiri ya maarifa iliyo nayo tayari ndani. Asiyejua kemia hatajua kwamba alicholetewa na mkemia ni dhahabu. Kwa hiyo msimpunguzie mwanafunzi kemia ili mpate nafasi ya kumfundisha kubandika karatasi za rangi ukutani. Mwacheni ajue kitu kimoja kwa kina, kisha mfundisheni kuzungumza na anayejua kingine.

Na kampuni nazo zisijifiche nyuma ya maneno "mahitaji ya viwanda". Zinatuletea afisa uhusiano, anapiga picha na wanafunzi, anaondoka. Tunayemtaka ni yule ambaye tatizo linamkosesha usingizi, aje saa moja kwa wiki na akubali kuulizwa maswali ya kijinga.

Mimi kwangu nilibadilisha jambo moja tu. Wiki ya saba, kila kundi linakabidhi mradi wake kwa kundi jingine na kupokea mradi wa wengine. Sehemu ya alama zako inategemea umbali ambao kundi lililopokea kazi yako litafika. Mwaka wa kwanza palikuwa na kilio. Kundi moja lilipokea folda yenye mafaili matatu: "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli 2". Lilikaa siku mbili kutafuta lipi ni lipi. Jingine lilikataa katakata kuendeleza kazi ya watu, likaanza upya kimya kimya, kisha likakwama palepale walipokwama wa kwanza, kwa kosa lile lile. Huo ugonjwa upo viwandani na una jina lake: "hakikubuniwa hapa". Wao waliuugua wakiwa na miaka ishirini na miwili.

Mwaka uliofuata habari zilikuwa zimeenea. Wiki ya saba, kundi la kwanza kukabidhi lilikuja na karatasi moja ya ziada ambayo sikuiagiza. Juu yake waliandika: "Tulivyovijaribu vikashindikana." Vilikuwa kumi na moja, kila kimoja na sababu yake. Waliopokea walianzia namba kumi na mbili.

Niliipeleka karatasi hiyo kwa bodi ya mitihani ikiwa imeambatishwa na alama. Ilirudishwa na swali lililoandikwa kwa kalamu nyekundu: "Hii ni kazi ya nani?" Fomu ina nafasi ya jina moja. Tangu hapo kila muhula naambatisha maelezo ya kurasa mbili, na kila muhula swali linarudi.