Juni Si Mwezi wa Kuomba Kisima

Jamani wananchi wenzangu, hapa Kenya bajeti ya kaunti ina msimu wake kama mahindi, na sisi tunapanda mvua ikishakatika. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, miezi kumi kabla ya senti ya kwanza kutumika. Kufikia 28 Februari, waraka wa sera ya fedha umeshagawa: afya hiki, maji hiki, barabara hiki. 30 Aprili makadirio ya bajeti yako mezani. Mwananchi anatokea lini? Juni, na bango mkononi!

Na siku tukiwahi mkutano wa maoni, tunaomba nini? Wa kwanza anasimama, anataka shule ya sekondari. Mzee, hiyo ni ya serikali kuu. Kaunti ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Wa pili anataka kituo cha polisi. Serikali kuu tena! Wa tatu anamdai mwakilishi wadi hema la harusi. Zimebaki dakika tano ndipo mama wa nyuma anauliza mbona zahanati haina dawa, swali pekee lililokuja mahali pake, na kipaza sauti kinazimika.

Halafu kisima. Ukiandika "kisima" tu, utaletewa shimo. Shimo lenye bango la uzinduzi, lakini shimo. Andika upimaji wa maji, uchimbaji, pampu, umeme au sola, tangi, mabomba na kioski, na uulize bei ya kila kimoja. Ardhi je? "Mzee ametoa." Ametoa kwa mdomo! Siku mzee akizikwa, wanawe wanatia kufuli pampu. Karatasi ya ardhi itangulie mashine.

Wakubwa nao wana vituko vyao. Mkutano wanauweka siku ya soko. Kitabu cha makadirio, kinene kama tofali na Kiingereza kitupu, unapewa asubuhi ile ile utoe maoni kabla ya chai. Wewe unasaini orodha upate soda, kumbe saini hiyo ndiyo ushahidi kwamba umeshirikishwa. Soda moja, bajeti nzima! Ukikishika kitabu, rukia kurasa za miradi ya maendeleo, tafuta jina la wadi yako na kiasi kilichoandikwa. "Miradi mbalimbali" bila jina la mahali? Hapo piga kelele.

Kaunti ya Makueni wameanzia chini: kijiji, kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi, hadi kaunti, na kamati ya wakazi husaini kazi kabla mwanakandarasi hajalipwa. Sisi tukiambiwa tuchague kamati, tunachagua mashemeji, wanasaini rangi ikiwa bado kwenye ndoo.

Haya, mkutano wa wadi ni saa tatu asubuhi, yaani saa sita. Njoo na kalamu yako. Ile ya kaunti haiandiki.