Diski ya Pili na Deni la Shemeji

Laptopu yangu ilikuwa imejaa hadi inagoma kupokea hata picha moja ya mtoto. Diski yake ni SSD ya GB 128, na Windows ikishachukua chake pamoja na mazagazaga yake, mwenye mashine unaachiwa makombo. Ubavuni kulikuwa na sehemu ya DVD ambayo hakuna aliyeigusa tangu watu wahamie kwenye flashi. Kabatini nako kulikuwa na diski ya GB 500, nzima kabisa, niliyoichomoa kwenye laptopu yangu ya zamani siku madabodi yake ilipokata roho.

Hesabu ikajipiga yenyewe: DVD itoke, diski iingie. Kuna kifremu kinachotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa nje kina umbo la DVD, kwa ndani unalaza diski. Nikakiagiza.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akapata habari. Ufundi hajausomea, ila ana seti ya bisibisi yenye vichwa vya kila namna, na mwenye seti ya namna ile hapitwi na kitu chenye skrubu.

"Shem, fundi wa nini na mimi nipo?"

Kifremu kikafika. Unene wake milimita 12.7. Pango la DVD la laptopu yangu, 9.5. Ndivyo vilivyo, kuna vinene na vyembamba, na aliyeniuzia alinipimia kwa macho.

"Ni milimita tatu na ushee tu," shemeji akasema. "Hiyo inasukumika."

Akasukuma. Haikwenda. Akapiga goti, akaegemeza bega. Laptopu ikalia *kah!* nami nikamnyang'anya kabla hajaipasua. Kinene kikarudi kilikotoka, kikaletwa chembamba.

Safari hii mambo yalianza vizuri. Betri ilitolewa kwanza, hilo nampongeza. DVD yenyewe inashikwa na skrubu moja tu chini ya mashine. Ukiifungua, unaivuta nje kwa vidole viwili. Kazi ipo kwenye kile kibao cha plastiki cha mbele, ambacho sharti ukihamishie kwenye kifremu, la sivyo ubavu unabaki na pengo. Unanyoosha klipu ya karatasi, unaichoma kwenye kitundu kidogo cha mbele, trei inachomoza, kisha taratibu unabonyeza vijino vya kibao kwa nyuma. Shemeji alivuta kwa mbele. Kibao kikaruka, kikapita juu ya kabati, yeye akabaki ameshika jino moja.

"Hilo lilikuwa la ziada," akaniambia.

Tukakipata, tukakibandika kwa meno yaliyosalia. Diski ikalazwa, ikasukumwa hadi plagi zikakutana, kifremu kikaingia pangoni bila matusi. Shemeji akamwita dada yake aje ashuhudie, maana kazi bila mashahidi kwake si kazi. Mke wangu akaja na mtoto mgongoni, akasimama nyuma yetu. Nikabonyeza kitufe.

Ikawaka. Ila ilikuwa Windows 7, wakati mimi natumia 10.

Kilichotokea ni kwamba diski ile sikuwa nimeifuta. Ilikuwa na mfumo wake mzima, na BIOS, ile programu ndogo inayoamka kabla ya Windows na kuchagua diski ya kuanzia, ilipomwona mgeni ikampa namba moja kwenye foleni ya kuwasha. Kwa hiyo hatukuwasha laptopu yangu ya leo. Tuliifufua marehemu. Huku chini vijumbe vikawa vinachomoza, eti inatafuta draiva, yaani programu za kuendeshea vifaa, za mashine ambayo haijawahi kuiona maishani mwake. Draiva ya skrini nayo hakuna, na skrini ikikosa draiva kila kitu kinakuwa kikubwa: aikoni kubwa, herufi kubwa.

Katikati, kikaratasi cha njano. Enzi zile nilikuwa nabandika vikumbusho vyangu pale pale kwenye skrini. Sasa kilikuwa kimevimba kiasi kwamba hata jirani angekisoma akiwa dirishani kwake:

SHEMEJI — KASEMA MWISHO WA MWEZI HUU. USIKUBALI TENA HADITHI.

Chini yake, kiasi.

Kukawa kimya. Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na deni lile lina umri mkubwa kuliko hapo.

"Shem," shemeji akasema, sauti imepanda kidogo, "hii diski inaonekana ina virusi. Tuiformati, ifutike yote, sasa hivi."

"Asiguse mtu," akasema dada yake. "Baba Zawadi, hebu sogea nisome vizuri."

Akasoma. Akasoma tena kwa sauti, pamoja na kiasi. Shemeji akazama kutafuta skrubu chini ya meza, skrubu ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Nikazima, nikawasha huku nadonoa kitufe cha F2 hadi BIOS ikafunguka, nikairudisha SSD kwenye namba moja. Windows 10 ikaja, na diski ya pili ikajitokeza na herufi yake, D. Shemeji akainuka kutoka chini ya meza, akaichungulia, uso ukamrudia rangi.

"Mmeona? Diski imeandikwa 500, kompyuta inasema 465!"

Nikamweleza kwamba watengenezaji wanahesabu kwa elfu moja moja, Windows inahesabu kwa 1024, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

"Haya basi! Kumbe namba zinategemea anayehesabu. Na lile deni tulihesabu kwa mtindo wa Windows, Shem. Linapungua."

"Sawa," akasema dada yake. "Tunakubali, limepungua. Lete hizo 465."

Shemeji akakumbuka kuna mtu anamsubiri. Alitoka mbio kiasi cha kusahau seti yake ya bisibisi. Keshapiga simu kuiulizia, mke wangu akamjibu kwamba italetwa mwisho wa mwezi huu.