Korosho Haiwezi Kazi ya Khaskhas

Mapishi mengi ya Kihindi mtandaoni yana sentensi moja inayoniudhi: "Ukikosa khaskhas, weka korosho." Kwenye korma, sawa. Humo mbegu hizi nyeupe za mmea wa kasumba husagwa na nazi au lozi ili mchuzi uwe mzito, na mlaji hajui hata kama zimo. Lakini kwenye alu posto, yaani viazi vya khaskhas vya Wabengali? Namsamehe aliyeko Dubai tu, maana Falme za Kiarabu zimezipiga marufuku mbegu hizo, na pakiti moja begini inaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Huko Bankura na Birbhum, wilaya za Bengal Magharibi nchini India, khaskhas, wenyewe wakiiita posto, haijifichi nyuma ya kitu. Huloweshwa, ikasagwa kwa jiwe pamoja na pilipili mbichi mpaka iwe rojo. (Blenda kubwa huzirusha mbegu pembeni zikabaki nzima.) Mafuta ya haradali yakishafuka moshi hutiwa habasoda, kisha viazi vilivyokatwa vidogo. Vikikaribia kuiva, rojo inaingia na maji kidogo, moto unapunguzwa, na chakula kinaachwa kikauke mpaka posto ishikane na kiazi. Ukizembea ikaungua, inakuwa chungu. Mimi sitii kitunguu, thomu wala bizari, na sioni kinachopungua. Ulimi unakutana na chengachenga laini na ladha tulivu ambayo utamu wa korosho ungeimeza yote. Wali mweupe na dengu pembeni, basi.

Wabengali husimulia kwamba chakula hiki kilizaliwa na shida. Mwaka 1773 utawala wa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India ulihodhi biashara ya kasumba ya Bengal, iliyoishia kuuzwa China. Utomvu ulichukuliwa, mbegu zikabaki kwa mkulima, na wanawake wakazipika.

Leo posto ni ghali. Kilimo chake halali ni cha leseni, katika Madhya Pradesh, Rajasthan na Uttar Pradesh, ilhali Bengal Magharibi, wanakoipenda kuliko wote, hununua. Mwaka 2023 waziri kiongozi wao, Mamata Banerjee, aliomba nao waruhusiwe kulima. Naelewa hofu ya serikali kuu, kwa sababu tumba linalotoa mbegu ndilo hilohilo hutoa kasumba likichanjwa. Ila kama majimbo matatu yanaweza kusimamiwa, sioni kwa nini la nne lishindikane.