Dawa ya rimu: asidi au ile ya zambarau?

Chuchumaa kando ya gurudumu la mbele, pitisha kidole kwenye rimu. Weusi unaobaki kidoleni wengi huuita vumbi la barabarani, lakini sehemu kubwa yake ni breki. Pedi na diski zinaposagana, chembe za chuma huruka zikiwa za moto, hunata kwenye vanishi ya rimu na kuota kutu hapo hapo. Sabuni ya gari itatoa weusi; vidoa vya kahawia vitabaki.

Wanaotaka kazi ya haraka hutetea asidi, na wana hoja. Rimu iliyotelekezwa miaka mitatu hung'aa kwa dakika chache, maana asidi huyeyusha kutu yenyewe. Shida yake haijui ikomee wapi. Vanishi ikiwa na mkwaruzo, hupenya hadi kwenye alumini na kuacha baka jeupe lisilofutika. Tena baadhi ya dawa hizi zina asidi ya haidrofloriki. Hiyo, hata ikiwa nyepesi, huweza kuingia kwenye ngozi bila kuuma. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, ikiwa imeshaanza kushambulia kalisi ya mwili. Kijana anayeosha magari na kandambili, mikono mitupu, asipewe kitu hicho.

Wengine hukimbilia dawa za kostiki, yaani alkali kali, wakidhani kisicho asidi ni salama. Kwa grisi zinafaa sana, ila alumini tupu huliwa na vyote viwili.

Halafu kuna ile inayogeuka zambarau ikigusa chembe za chuma. Kiini chake ni thayoglaikoleti, ndugu wa dawa za kalikiti za saluni, ndiyo maana inanuka yai viza. Hushika chuma na kukifanya kiyeyuke majini, na kwa kuwa pH yake (kipimo cha uasidi) iko karibu na 7, yaani si asidi wala kostiki, vanishi nzima haidhuriki. Mimi natumia hii, ingawa nakiri ule uzambarau ni nusu maonyesho: ikirukia diski yenye kutu itageuka vilevile, hata kama rimu ni safi. Kwa lami haifui dafu. Bei nayo inauma, kwa hiyo naipuliza mara mbili tatu kwa mwaka. Siku nyingine ni sabuni na brashi laini.

Rimu ikiwa bado ya moto kutoka safarini, naiacha ipoe kwanza. Hata hii ya upole ikikaukia juu yake huacha madoa.