Programu ya kufumbua siri ilishwe Kiswahili kwanza

Vijana wengi wanaojifunza programu hapa Unguja, wakifika kwenye zoezi la kufumbua maandishi ya siri ambayo kila herufi imebadilishwa na nyingine, hubeba jedwali la Kiingereza linaloonyesha kila herufi hutokea mara ngapi, ambalo e ndiyo inayoongoza. Wakiipa programu ujumbe wa Kiswahili inawatolea upuuzi mtupu, nao wanailaumu kompyuta. Kompyuta haina kosa, imelishwa lugha ya watu wengine.

Hebu tazama "haraka haraka haina baraka". Herufi 23, a peke yake 11, na e haimo kabisa. Methali hiyo imezidisha, sawa, lakini hesabu ukurasa wowote wa gazeti uone kama a haitaongoza, tena kwa mbali. Juu ya hapo, maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na c haisimami bila h nyuma yake. Hivyo ni vidokezo vya bure! Mwanachuoni Al-Kindi wa Baghdad alilisema hili tangu karne ya 9: tafuta maandishi ya wazi ya lugha ileile, yahesabu herufi, ndipo ulinganishe.

Kujaribu funguo zote, yaani kila orodha inayowezekana ya herufi ipi imebadilishwa na ipi, usifikirie. Kwa herufi 26 zinapita namba 4 yenye sifuri 26, na kompyuta inayojaribu bilioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka bilioni 12. Ninachopenda mimi ni kuanza na ufunguo wowote, kubadilishana herufi mbili, kisha kuyapa matokeo alama kulingana na jozi za herufi zinazojirudia sana katika Kiswahili, kama "wa", "ya", "ku" na "ni". Alama zikipanda, unabaki na badiliko, zikishuka, unalirudisha. Tatizo lake ni kukwama. Ni kama kutembea Pemba usiku bila taa, umeambiwa kila hatua iende juu tu: kileleni utafika, ila cha kilima kidogo. Dawa ni kuanza upya mara nyingi, kila mara kwa ufunguo mwingine.

Kuna walimu wa skuli wanaohofia kwamba huku ni kuwafundisha watoto udukuzi. Siri ya namna hii hailindi kitu cha maana siku hizi, kwa hiyo tuwaache watoto wahesabu.

Lakini gazeti nalo lina mipaka yake. Meseji za vijana zimejaa "xaxa", "cjui" na "2takuja". Hapo x, ambayo gazetini huioni ila kwenye majina ya kigeni, inafanya kazi ya s, na ile kanuni yangu ya c imekufa. Ukitaka kufumbua meseji, jenga jedwali kutokana na meseji. Na ujumbe ukiwa wa maneno matatu manne tu, jedwali lolote litashindwa, kwa sababu herufi ni chache na majibu yenye maana yanakuwa mengi.