Damu ndogo haimaanishi chuma kimeisha: mnamuonea nesi

Juzi nimekaa benchi kwenye kituo cha afya kimoja huku Mtwara, mbele yangu bibi na mjukuu wake, mtoto kapimwa malaria ipo, damu 8, nesi kampa mseto alafu akasema dawa ya maji ya kuongeza damu, yani ile ya chuma, asianze leo, arudi tarehe aliyoiandika kwenye kadi. Bibi kawaka. "Mwanangu, mtoto macho meupe hivi we unaninyima dawa ya damu?" Nesi akajibu taratibu, "Bibi sijakunyima, tumalize malaria kwanza." Benchi zima tukawa upande wa bibi, na mi nikiwemo. Nimefika nyumbani nikaanza kusoma, nikajikuta nahama upande kidogo kidogo.

Bibi hakosi hoja lakini. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 59 kati ya 100 wenye miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, hiyo sio namba ya kusema subiri subiri. Ubongo wa mtoto unataka chuma. Na hata askari wenyewe wa mwili, zile chembe nyeupe, haziwezi kuzaliana bila chuma, huko pwani ya kusini ya Kenya watoto waliochanjwa wakiwa na upungufu wa damu walitoa kinga dhaifu zaidi kwa baadhi ya chanjo. Tena hapa hapa nchini, Ifakara, matokeo ya 1997 yalionyesha watoto wachanga waliopewa chuma walipata upungufu mkali wa damu pungufu kwa karibu asilimia 29 na malaria haikuongezeka. Kwa hiyo anayesema chuma ni sumu anatudanganya.

Ila watu wengi hatujui kitu kimoja, yani mwili ukiugua unaficha chuma MAKUSUDI. Sisi watu wa korosho tutaelewa haraka. Kwenye damu chuma hakitembei peke yake, kinabebwa na protini inaitwa transferini, hii ni kama bodaboda ya mshikaki, inapakia abiria wawili tu, atomi mbili basi. Na kwa mtu mzima wa afya, kama theluthi moja tu ya hizo siti ndo ina abiria. Unaweza kudhani ni hasara, kumbe siti tupu ndo ulinzi wenyewe, maana atomi yoyote inayozurura inadakwa kabla bakteria hajaiona. Bakteria nao wana kangomba wao, kama wale wanunuzi wa magendo wa korosho! Wanatoa vimolekyuli vinaitwa sidirofori, vinapita mtaani kunyang'anya chuma kabla hakijafika ghalani. Ghala lenyewe ni feritini, moja inaweza kubeba mpaka atomi 4,500 hivi.

Sasa hesabu iliyonikaa kichwani wiki nzima ni hii. Chembe nyekundu inaishi kama siku 120, ikizeeka inamezwa na seli za kinga zinazoitwa makrofeji, kwenye wengu na ini, alafu chuma chake kinarudishwa barabarani. Kwa mtu mzima hiyo kazi inarudisha miligramu 20 hadi 25 kila siku. Chakula chote unachokula, dagaa, matembele, na rozela yako, kinaingiza miligramu 1 hadi 2 tu. Na chuma kilichopo barabarani kwa wakati mmoja ni miligramu 3 au 4, yani bodaboda zote zinapakia na kushusha zaidi ya mara tano kwa siku. Ukiielewa hiyo utaona kwamba mwenye funguo za damu yako ni makrofeji kuliko sufuria ya jikoni. Malaria ikiingia, ini linatoa homoni inaitwa hepsidini (imejulikana juzi tu, 2000 na 2001), inafunga geti la makrofeji na geti la utumbo kwa pamoja. Ndani ya masaa chuma kinapungua barabarani, ghala likiwa limejaa au nusu haijalishi, geti limefungwa. Ndo maana mtoto anaweza kuwa na damu ndogo na chuma kimo ndani. Na hiyo dawa ya maji bibi anayoililia? Utumbo umefungwa, kingi kinabaki tumboni, na Kenya watoto wachanga waliopewa unga wa virutubisho wenye chuma waliongezeka bakteria wabaya tumboni.

Alafu kuna Pemba. Watoto 24,076, matokeo yakatoka 2006, waliopewa chuma na foliki asidi walilazwa au kufa kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa, ikabidi sehemu hiyo ya utafiti isimamishwe. Mwaka huo huo utafiti wa namna hiyo hiyo Nepal, kwenye eneo lenye malaria kidogo sana, haukuona vifo kuongezeka. Tofauti ni mbu. Huko Gambia maabara ilionyesha vimelea vya malaria vinapenda chembe nyekundu changa, na chuma ndo kinazileta nyingi kwa mpigo. Mkoa wetu 2022 ulikua na malaria asilimia 20 kwa watoto, taifa asilimia 8, sasa ushauri wa kutoka Nepal mtauleta Tandahimba?

Haki itendeke, kule kule Pemba watoto waliopimwa na kutibiwa malaria kwa karibu, wale wenye upungufu wa chuma kweli walinufaika. Na ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 ni chuma kitolewe penye malaria mradi kinga, vipimo na tiba vipo. Ukisoma vizuri hapo ni nesi yule yule anaongea, malaria kwanza. Uganda walijaribu kuchelewesha chuma siku 28 baada ya dawa ya malaria, chuma kikaingia kwenye damu kwa wingi zaidi, na baada ya siku 56 damu za makundi yote mawili, waliopewa mapema na waliocheleweshwa, zilikua sawa.

Kinachonitia wasiwasi upande wa nesi ni hizo siku 28 zenyewe. Uganda walikua na watu wa kumfuata mtoto. Huku msimu wa korosho ukianza bibi yupo shambani, kadi ipo kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati, na tarehe ikipita mtoto atabaki na damu 8 yake wakati geti limeshafunguka zamani. Nilichungulia kadi wakati bibi anaikunja, tarehe ipo, namba ya simu ya kumkumbusha hamna.